Sumaku za Marehemu Profesa

Daktari Snezhina Kutsarova alikuwa amechoka, na si uchovu ule wa kulala ukaamka umepona. Alichoka miguu, alichoka mgongo, alichoka hata masikio, maana tangu Ognyan Balabanov apewe ukurugenzi wa taasisi yao ya kemia pale mjini Plovdiv, haikupita wiki bila neno lile lile kurudiwa: kutajwa. Umetajwa mara ngapi? Nani amekutaja? Mbona mwaka huu umetajwa kidogo?

Wasio wakemia hawaijui adha hii, na heri yao. Mkemia akiandika makala, huwataja mwishoni waliomtangulia katika kazi hiyo. Zamani ilikuwa adabu tu, kama kusalimia watu unapopita barazani kwao. Siku hizi kuna mitambo inayohesabu salamu hizo, na asiyesalimiwa hapandi cheo, hapewi fedha, hapewi hata chupa ya asidi. Snezhina alikuwa akiunganisha molekuli tangu ujana wake, chini ya mwalimu wake Profesa Tsanko Mandadzhiev, ambaye sasa ni marehemu. Aliandika makala chungu nzima, nyingine nzuri kwelikweli, na hakuna aliyezitaja ila yeye mwenyewe na bwana mmoja wa mji mkuu, Sofia, ambaye watu walisema alikuwa akimtamani.

Lakini alikuwa nayo moja. Ah, hiyo moja! Humo alionyesha jinsi ya kuunganisha pete mbili za kaboni kwa soda, ule unga wa magadi, na moto tu, bila metali yoyote. Watengenezaji wa dawa dunia nzima huziunganisha pete hizo kwa paladiamu, metali yenye bei ya kuumiza kama dhahabu, halafu huja huyu mama wa Plovdiv anawaambia kumbe haihitajiki! Ikatajwa China, ikatajwa Uhindi, ikatajwa Brazili, kila mwaka zaidi ya uliopita. Juu ya makala yaliandikwa majina mawili, la Snezhina na la Profesa. Chini kabisa, kwa herufi za kuvalia miwani, alishukuriwa D. Uzunova kwa msaada wa kiufundi.

Huyo D. Uzunova ni Dafina, mkemia mwenzake. Ndio wawili waliobaki katika maabara ya ghorofa ya tatu, chumba kirefu chenye kabati la moshi, lile la kufyonza hewa ya kemikali, linalokohoa kuliko wavutaji sigara wa taasisi nzima. Walizeeka humo pamoja, wakigombania kiti karibu na bomba la joto. Dafina alibakiza miaka miwili kufikia pensheni. Januari ingekuja tume kutoka Sofia kuamua maabara zipi zibaki na zipi zivunjwe. Yao ikivunjwa, Snezhina hana hasara kubwa, umri wa kustaafu alishaupita na pensheni yake inamngoja. Dafina ndiye angejikuta mtaani, na katika umri ule nani amwajiri? Kwa hiyo ile makala moja ilikuwa imembeba Dafina mgongoni, na wote wawili walilijua hilo bila kulisema.

Siku moja mwishoni mwa Oktoba mkurugenzi alipanda ngazi mwenyewe, akihema, uso umemchangamka.

"Dada Snezhina!" alipaza sauti tangu mlangoni. "Kaa kwenye kiti kabla sijakuambia, usije ukaniangukia hapa."

"Mimi nimeshakaa, Ognyan. Nikikaa siinuki hovyo."

"Nimepiga hesabu. Katika taasisi nzima hakuna makala iliyotajwa kama yako. Hakuna! Hata yangu, na ninaumia kusema. Ijumaa ya wiki ijayo kwenye baraza nakupendekeza uprofesa. Tume ikija Januari ikukute profesa, maabara yako hakuna wa kuigusa."

Dafina, aliyekuwa akiosha chupa, alifunga maji ili asikie vizuri.

"Uprofesa saa hizi?" alisema Snezhina. "Wanipeleke nao makaburini?"

"Wewe chukua tu. Na uje na chokoleti. Si zile za bei rahisi za pale kituoni, zile zinanata kwenye meno. Aliyepata ndiye anayelisha, au umesahau?"

"Sijasahau. Wewe ulipopata ukurugenzi ulituletea biskuti zilizolala."

"Mke wangu ndiye aliyenunua!" Ognyan alicheka, akageuka aende, kisha akarudi. "Na jambo jingine. Nataka filamu fupi, ya kuwaonyesha tume. Wewe umevaa koti jeupe safi, chupa inachemka, pete zinaungana. Dakika chache tu."

Alipoondoka, Dafina alifuta mikono kwenye koti lake. Alimkumbatia Snezhina kwa nyuma ya kiti, kidevu juu ya bega, wakabaki hivyo kidogo. Kisha, kwa kuwa Dafina si mtu wa kukumbatia sana, akaanza kufoka.

"Filamu gani na uchafu huu? Tazama sumaku zako! Zimeoza kama meno ya babu."

Sumaku hizo ni vijiti vidogo vyenye ukubwa wa haragwe, vimevikwa plastiki nyeupe. Unakitumbukiza kimoja ndani ya chupa, mtambo ulio chini unakizungusha, nacho kinakoroga. Wenzao wa nchi tajiri wakiona kimechafuka wanatupa. Katika maabara ya Profesa Mandadzhiev kutupa kitu ilikuwa dhambi. Mzee yule alikuwa akianika karatasi za kuchujia kama chupi, akazitumia tena, na sumaku zake zilikaa ndani ya chupa ya glasi iliyowahi kuwa na rojo la pilipili hoho la mkewe. Alipokufa, Snezhina alirithi chupa ile na vilivyomo. Sumaku zilikuwa zimeingia weusi wa kijivu usiotoka kwa sabuni wala kwa asidi ya kuoshea, na hakuna aliyejali, zilizunguka vizuri tu.

Dafina akanunua mpya. Nyeupe, zinang'aa.

Jumatatu wakajaribu, ili siku ya filamu wasiaibike. Dafina alipima vitu, Snezhina alikaa akisoma vipimo kwa sauti, kama walivyofanya siku zote. Watu walisema Kutsarova ana mkono, jambo lisilowezekana kwa wengine kwake linakubali. Ukweli ni kwamba mkono ulikuwa wa Dafina tangu zamani. Wakawasha moto, sumaku mpya ikazunguka kwa madaha, wakaenda kunywa kahawa. Waliporudi wakatia tone kwenye bamba la kupimia na kuliangalia chini ya taa. Hakuna kitu. Pete zilikuwa mbalimbali kama walivyoziweka asubuhi, hazina hata habari.

"Soda imelala," alisema Dafina.

Wakabadilisha soda. Hakuna. Wakabadilisha kimiminiko cha kuyeyushia. Hakuna. Wakaongeza moto mpaka mafuta ya kupashia yakaanza kunuka na watu wa ghorofa ya pili wakagonga bomba kulalamika. Hakuna, hakuna, hakuna! Jumanne ilikuwa hivyo hivyo. Snezhina miguu ilimvimba akavua viatu, akawa anatembea na soksi juu ya sakafu ya maabara, kitu ambacho angempigia kelele mtu mwingine yeyote.

"Ongea na marehemu wako," Dafina alisema kwa hasira. "Mwambie asituroge."

Na katika kuosha chupa kwa hasira ile ile, sumaku mpya ikamponyoka, ikaingia kwenye tundu la sinki ikapotelea chini kwa chini. Dafina akatukana kidogo, akaona uvivu kufungua pakiti, akatia kidole kwenye chupa ya rojo la pilipili, akatoa moja ya zile za zamani. Alasiri hiyo bamba lilipowekwa chini ya taa, doa jipya la pete zilizoungana lilikuwa pale, kubwa, safi, halina shaka.

"Umeona!" Dafina alipiga makofi. "Ilikuwa soda!"

Snezhina hakupiga makofi. Aliitoa sumaku kwa koleo, akaisuuza, akaiweka kwenye kiganja. Aliutazama ule ukijivu wake mpaka Dafina akaacha kupiga makofi.

"Dafina. Profesa alifanyia kazi nini kabla hatujaja?"

"Si paladiamu? Miaka yote ile na paladiamu, mpaka alipo..." Dafina akaishia hapo.

Ile metali waliyoiambia dunia haihitajiki ilikuwa imejibana ndani ya plastiki ya sumaku za marehemu, ikivuja kidogo kidogo kwenye kila chupa, ikiziunganisha pete wakati wao wanasifia soda. Snezhina aliitumbukiza sumaku ile ndani ya asidi kali iwezayo kuyeyusha dhahabu, akaiacha humo hadi asubuhi. Jumatano asidi ilikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Mkemia yeyote anaijua rangi hiyo: ni paladiamu.

"Sisi hatujaona kitu," alisema Dafina. Uso ulikuwa umemsawijika. "Unasikia? Tumwage. Filamu tufanye na sumaku ya zamani, tuipake hata chokaa. Januari ipite."

"Dafina..."

"Usiniite Dafina kwa sauti hiyo! Najua ile sauti. Ukiitumia, huwa ninafanya kazi ya ziada." "Wewe una pensheni. Mimi nina nini? Wewe utaingia mbinguni na nafsi safi, mimi nitaingia kwenye foleni ya wasio na kazi, pamoja na vijana wenye hereni puani. Hebu fikiri kidogo, shoga yangu. Kidogo tu."

Alichukua koti lake, akaondoka, na tangu siku hiyo akawa anakuja kazini, anafanya lake, haongei. Ukimuuliza chumvi iko wapi anakuonyesha kwa kidole.

Snezhina akashuka kwa mkurugenzi. Alimweleza yote akiwa amesimama, maana alijua akikaa hatasema. Ognyan alimsikiliza huku akichezea kalamu, na mwishowe akaenda kufunga mlango uliokuwa umeshafungwa.

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Naye alikuwa mwanafunzi wa Profesa Mandadzhiev, alizijua sumaku zile, alishawahi kuzungusha moja mwenyewe. "Dada," alisema kwa upole, "nani mwingine anajua?"

"Dafina."

"Basi hakuna anayejua. Nisikilize. Sikuambii ufiche. Nakuambia ungoje. Februari andika sahihisho, andika kitabu kizima kama unataka. Dunia imekaa na kosa hili miaka yote, itakufa kwa miezi mitatu zaidi?"

"Haitakufa."

"Basi! Umechoka, nakuona. Nenda nyumbani, uweke miguu kwenye maji ya moto. Ukisema sasa hivi utamuumiza Dafina, utaniumiza mimi, utamzika mzee mara ya pili. Na faida apate nani?"

Snezhina alitaka sana Ognyan awe amesema kweli. Alitaka kulala. Aliteremka ngazi za taasisi akishika chuma cha pembeni, akapita sokoni kununua ngano, walnati na sukari ya unga, maana Jumamosi ilikuwa siku ya wafu, na kila mwaka huwachemshia ngano mama yake na Profesa, akaigawa kwa watu waile na kuwaombea.

Alhamisi aliomba ruhusa, akabaki nyumbani. Ngano ilikuwa jikoni inachemka taratibu, dirisha limejaa mvuke, na yeye amekaa na miguu kwenye beseni kama alivyoamriwa. Hapo ndipo lilipomjia jina la Jurate.

Jurate alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa kemia kule Vilnius, mji wa nchi ya kaskazini. Miaka michache iliyopita aliandika barua pepe ya adabu sana: amejaribu tangu majira ya kuchipua, pete haziungani, je, kuna jambo halikuandikwa kwenye makala? Snezhina alimjibu siku hiyo hiyo, kwa wema kabisa, kwamba akaushe vizuri kimiminiko chake. Yule binti akaandika tena, amekikausha. Snezhina akamjibu: kikaushe zaidi. Hakuandika tena. Wengine pia waliwahi kuandika, kutoka huku na kule, na wote Snezhina aliwapa dawa hiyo hiyo ya kukausha, kama mganga mwenye mzizi mmoja. Wengi zaidi hawakujaribu kitu, walinakili tu jina lake chini ya makala zao na kuendelea na maisha, na hao ndio waliompandisha. Na wachache waliofaulu, sasa alielewa, bila shaka nao walikuwa na sumaku za urithi.

Alifuta mikono, akatafuta namba ya simu ya idara ile, akapiga. Alijikaza na Kirusi chake cha shule, maana lugha ya kule haijui. Akapokea mwanamume mmoja, sauti ya mtu anayekula.

"Jurate? Jurate yupi? Aah, yule. Ameacha huyo, zamani."

"Ameacha vipi? Amehitimu?"

"Hakuhitimu. Alikuwa na mradi wa kuunganisha pete, ule rahisi tu, wa soda, hata huo ulimshinda. Mwalimu wake akasema ana bidii lakini hana mkono. Ndiyo mambo ya kemia, mama, mkono unao au huna. Nasikia yuko kwenye duka la manukato, uwanja wa ndege. Wewe ni nani yake?"

Snezhina alikata simu bila kujibu, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. Aliona aibu, aibu ya kuchoma, akiwa peke yake jikoni na miguu ndani ya maji yaliyokwisha kupoa. Alilia, tena kwa sauti. Kisha akaitazama ngano ile, akaona ni nyingi mno kwa wafu wawili, akaichanganya yote na walnati na sukari, akaanza kuipanga kwenye vikombe vya plastiki.

Ijumaa ukumbi wa baraza ulijaa. Watu waliona mfuko mkubwa mkononi mwa Snezhina wakaanza kutabasamu na kusogeza vikombe vyao vya kahawa, wakijua chokoleti zimefika. Dafina alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, koti amelivaa. Ognyan alisimama, akakohoa, akasema maneno mazuri kuhusu taasisi, kuhusu Ulaya, kuhusu mwanamke mmoja mnyenyekevu ambaye dunia nzima inamtaja. Wakapiga makofi. Kisha akamkaribisha asogee mbele.

Snezhina akaufungua mfuko, akaanza kupita kila kiti akiweka kikombe cha ngano na kijiko cha plastiki. Tabasamu zikapotea moja moja.

"Dada, wafu ni kesho," alinong'ona Ognyan alipofikiwa. Lakini alikipokea kikombe, maana ngano ya marehemu haikataliwi, hata ukiwa mkurugenzi. "Ni ya mzee?"

"Ya mzee, kama kila mwaka. Na mama yangu. Na ya makala yangu ile. Imekufa Jumanne."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni mzaha, kisha akaona ameachwa peke yake. Snezhina aliwaeleza. Hakupamba. Aliwaambia habari za sumaku, za rangi ya chai, za soda isiyofanya kitu. Aliwaambia habari za binti wa Vilnius aliyeambiwa hana mkono kwa kosa la chupa ya rojo la pilipili iliyoko hapo juu ghorofa ya tatu. Alisema Jumatatu atalituma sahihisho kwenye jarida. Alisema uprofesa hautaki. Alipotaka kusema neno la mwisho kuhusu Dafina, aliishia kumtazama tu kule nyuma.

Kikombe cha Dafina kilikuwa juu ya kiti cha pembeni yake. Dafina alikitazama, akainuka, akafungua mlango, akatoka. Hakukigusa. Ukumbi mzima uliona, na mama mmoja wa kemia ya vyakula akajifanyia ishara ya msalaba haraka haraka.

Ognyan alichota kijiko, akatia mdomoni, akatafuna muda mrefu kama mtu anayetafuna ili asiseme. "Mungu amrehemu," alisema mwishowe, na wengine wakaitikia, vijiko vikaanza kulia. Kisha akainama karibu na sikio la Snezhina. "Kesho nitakuheshimu," alisema, "leo nina hasira sana. Bila hiyo makala sina cha kuwatetea nacho. Unajua Januari itakuwaje."

"Najua."

"Na yeye je? Umemwona alivyotoka?"

"Nimemwona, Ognyan. Niache."

Alikusanya mfuko wake, ukiwa na kile kikombe kimoja kilichosusiwa, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akipumzika kila zinapokata kona. Aliwaza jinsi atakavyoifungua maabara na kuikuta tupu, koti la Dafina halipo, kiti karibu na bomba la joto kimeachwa kwa ajili yake, na kwamba sasa hakitaki.

Mlango ulikuwa wazi. Kabati la moshi lilikuwa linakohoa. Dafina alikuwa amesimama mbele yake na koti jeupe, miwani ya kazi usoni, na kwenye mitambo ya kukorogea zilikuwa chupa zimepangwa safu: ya sumaku mpya, ya sumaku ya zamani, mpya, ya zamani.

"Funga mlango, baridi," alisema bila kugeuka. Yalikuwa maneno ya kwanza tangu Jumatano.

"Nilidhani umekwenda nyumbani."

"Kufanya nini? Nyumbani nitakaa kuanzia Januari, mpaka nichoke." Alirekebisha moto wa chupa moja. "Wewe ulitaka kutuma sahihisho kwa majaribio mangapi? Mawili? Na moja nilifanya nimekasirika, sikupima vizuri. Watakucheka dunia nzima. Kama tunaizika, tuizike vizuri."

Snezhina alitafuta kiti akakosa, akaegemea meza. "Dafina, nisamehe. Ningeweza kungoja. Ognyan alisema..."

"Ognyan alinifuata na mimi, akaniambia hayo hayo. Nikamkubalia. Ningekufunga mdomo kwa plasta kama ningeweza, usidhani mimi ni mtakatifu." Sasa aligeuka. Macho yalikuwa mekundu nyuma ya miwani. "Lakini yule msichana uliyemsema pale chini. Ati hana mkono. Mimi nilikuwa nimekaa pale nyuma najiuliza, hivi mimi niliwahi kuambiwa ninao? Na nani? Ile makala yako, nani aliziunganisha zile pete?"

Snezhina aliziangalia zile chupa.

"Nani, Snezhina?"

"Wewe."

"Mimi. Msimu mzima wa baridi, na mimba ya binti yangu Kalina tumboni, nakwenda kutapika narudi. Mkanishukuru kwa msaada wa kiufundi."

"Profesa ndiye aliyesema majina yawe..."

"Profesa amekula ngano yake leo, mwache apumzike. Wewe ulikuwa na kalamu." Dafina alivua glavu moja, akaivuta kompyuta ya zamani iliyokuwa juu ya meza, akaigeuza ielekee kwa mwenzake. "Ile ya sifa hukuniweka. Hii ya aibu niweke. Na jina langu liwe la kwanza."

"Litakufuata, Dafina. Ukitafuta kazi watakuona humo."

"Wacha wanione. Angalau wataona nilikuwapo. Andika."

Snezhina alivuta stuli kwa mguu, akakaa. Alikosea herufi, akafuta, akaandika tena: D. Uzunova, S. Kutsarova. Machozi yakamjia, Dafina akamwacha alie, akarudi kwenye chupa zake na kutia matone kwenye bamba. Chini ya taa, ya sumaku mpya haikuwa na kitu, ya zamani ilikuwa na doa. Alisoma matokeo kwa sauti, na safari hii Snezhina ndiye aliyeandika.

"Kile kikombe changu," alisema Dafina baadaye, akinyoosha mkono, "umekitupa?"

"Ninacho hapa."

Dafina alikipokea, akafanya ishara ya msalaba, akala vijiko viwili vitatu amesimama, akiitazama sumaku ya marehemu ikizunguka.

"Mungu amrehemu," alisema. "Sukari umeibania."